Oili Nzito ya Kilosa

Jumatatu, 7 Julai
Nimepima oili kama kila asubuhi. Imepungua tena. Pikapu inatoa moshi wa buluu tangu masika.
Simu kutoka Makete, kwetu kwenye baridi. Sekela, mdogo wangu, kifua kinambana. Hataki kulazwa. Anataka nikamchukue, aje apumue joto la Kilosa walau mara moja. Baba alinileta huku kwenye mkonge nikiwa na miaka tisa. Sekela akabaki kule na mama. Tumezeeka hivyo, kila mmoja na upande wake.
Nimemtandikia kitanda chumba cha upande wa jua. Naondoka keshokutwa.

Jumanne, 8 Julai
Gereji. Kabla ya kwenda nilisoma tena kitabu cha gari. Kwenye kopo la oili, namba inayotangulia herufi W ndiyo ya baridi. Ikiwa ndogo, oili hubaki nyepesi asubuhi. Kwa baridi kali kinataka kumi. Hapa wenye magari yaliyochoka tunatia hamsini tupu, isiyo na W. Inavumilia joto, na uzito wake unaficha moshi.
Fundi Msafiri alinionya. "Mzee wangu, hamsini ni ya huku kwetu. Huko kwenu hata shikamoo inaganda mdomoni."
Nilicheka. Nikamwambia atie hamsini.
Sababu naiandika hapa tu. Sikutaka kuingia kijijini kwetu, baada ya miaka kumi na moja, nikifuka kama tanuri la matofali.

Alhamisi, 10 Julai
Jana Mikumi nilisimama kupima. Haikupungua hata kidogo. Nikalala Iringa. Leo ukungu kuanzia Njombe.
Nimefika saa tisa alasiri. Majirani wamelizunguka gari. "La zamani, lakini halitoi moshi," amesema mmoja. Nimefurahi. Aibu kuandika.
Sekela amekwisha. Mkono wake mwepesi kama ganda la hindi. Amesema tuondoke kesho mapema.

Ijumaa, 11 Julai
Sakitu, umande umeganda. Nyasi zote nyeupe.
Saa kumi na mbili asubuhi Sekela alianza kukosa pumzi. Habari ya Kilosa ikaisha. Sasa ilikuwa hospitali, mwendo wa dakika arobaini. Tukamketisha mbele, mablanketi mawili. Nikapiga stata. Injini ilizunguka mara mbili, kwa uzito, ikasimama. Nikapiga tena, na tena, mpaka betri ikafa. Nilichomoa kijiti cha oili. Haikudondoka. Iling'ang'ania kama asali iliyoganda.
Gari jingine kijijini halikuwapo. Bodaboda hawezi kumbeba mtu asiyeweza kujishikilia. Tukasukuma karai la makaa chini ya injini, tukangoja oili ilainike.
Sekela alifungua macho. "Kaka, hata gari lako limekuwa la mkonge. Linaogopa baridi kama wewe."
Watu walicheka. Nami nilicheka. Hakusema tena.
Saa tatu wanaume walisukuma gari mteremkoni, likawaka. Alikata roho kabla hatujaifikia lami.

Jumapili, 13 Julai
Tumemzika jana. Hakuna anayenilaumu. Wanasema siku yake ilifika. Hawajui habari za namba.
Sijui kama masaa matatu yale yangemponya. Sitajua. Ninachojua: nilisoma, nikaelewa, nikaonywa, nikachagua moshi usionekane.
Nimekaa kaburini peke yangu. Nilitaka kusema kwa Kikinga, lugha ya kwetu. Maneno mengi yamenipotea.

Jumatano, 16 Julai
Kilosa. Joto.
Nimemwambia Msafiri amwage hamsini, atie ile ya kumi. Akasema injini itafuka vibaya, na huku hakuna baridi. Nikasema najua. Alinitazama, akalala chini ya gari.
Nimepita sokoni polepole. Moshi ulinifuata mpaka nyumbani. Watu waligeuka kutazama.
Kitanda cha Sekela sijakitandua. Nimekigusa mchana. Shuka lilikuwa na joto la jua.