Kona ya Kiwanda cha Mikate

Chumba cha juu, nyuma ya maabara,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko? Mkono unaendeleaje na baridi hii? Na baba mdogo je, bado anakoroma mpaka paka anahama chumba? Mimi mzima wa afya. Lile koti ulilonishonea limekuwa gumzo hapa maabara, maana lina mifuko mingi kuliko kabati letu la vifaa.

Dada yako, mama yangu, ameniambia kwenye simu kwamba umerudisha ufunguo wa gari la wagonjwa, na sasa unakaa kwenye kibanda cha geti la hospitali ukifungua na kufunga. Sikufichi, nililia. Umebeba wagonjwa tangu sijaanza shule.

Watu wamekuambia "ajali haina kinga" mpaka masikio yameota sugu. Mimi siwezi kukuambia hivyo, maana nalipwa kuitafuta hiyo kinga.

Mama amenieleza pia lile usilomwambia mtu mwingine: unaamini kwamba siku ile ya ajali hukuwasha king'ora. Swichi ilisagika, muuguzi wako hakumbuki kitu, na waliochunguza wakasema tu hawaoni kosa. Dereva wa gari la mikate anashikilia kwamba alikisikia king'ora nyuma yake, ndiyo maana akakanyaga mafuta ili akupishe. Na wewe ulimtokea ubavuni. Ukamwambia mama, "Atanisikiaje nyuma, na mimi nilikuwa pembeni? Yule ananisitiri tu, dada. Nilisahau kukiwasha."

Basi kaa kitako nikupe habari za kazi yangu, ambayo hujawahi kuniuliza bila kupiga miayo.

Hapa tunayafundisha magari kupashana habari kwa redio. Gari likikaribia kona linaliambia lenzake, "Nipo, nakuja," kabla madereva hawajaonana. Kwenye uwanja mtupu yanasikilizana vizuri sana. Nikamwomba profesa wetu tujenge kona mbaya, na nikaichora ile ya kiwanda cha mikate mlipogongana: makontena yamepangwa badala ya ukuta wa kiwanda, na nyuma yake ghala letu badala ya ghala la unga. Kwenye njia uliyotokea wewe tuliweka gari la sponji linalovutwa kwa kamba, na redio na king'ora cha kweli juu yake. Sikumweleza mtu nimeitoa wapi.

Profesa akashika usukani mwenyewe, kwa sababu anajiona dereva hodari. Redio haikusema neno. Makontena yaliziba mawimbi, na ujumbe ulifika pua za magari zikiwa zimeshaonana. Hiyo nilikuwa nimeitegemea. Lakini badala ya kupunguza mwendo, mzee wa watu akaongeza, akaipiga sponji katikati. Akashuka amenuna.

"Nani kabadilisha mpango?" akauliza. "King'ora kilikuwa nyuma yangu! Nilikuwa nakipisha!"

Mama mdogo, nilimwomba ayarudie maneno hayo.

Tukarudia na madereva wengine. Kila kilipolia, waliangalia kioo cha nyuma. Tulipokizima, hakuna aliyetazama nyuma hata mara moja. Makontena yanaizuia sauti isipite moja kwa moja, basi inakwenda kugonga ukuta wa ghala na kurudi, na inakufikia ikitokea mgongoni. Nami nilijaribu, mimi niliyeijenga ile kona kwa mikono yangu. Niligeuka nyuma kama wao.

Kwa hiyo yule dereva hakukutungia hadithi. Mtu wa kukusitiri angesema alikisikia pembeni, mahali ulipotokea, ili maneno yake yaaminike. Yeye amesema jambo linaloonekana la kipuuzi, kwa sababu ndilo alilosikia. Asingesikia kitu kama king'ora kingekuwa kimezimwa. Ulikiwasha, Mama mdogo. Mkono wako ulifanya kazi yake kama siku zote.

Kuhusu redio, tumefunga kisanduku juu ya nguzo pale konani. Kinapokea habari za gari la huku na kuzipitisha kule, na dereva anaambiwa ni upande gani. Sponji sasa inapumzika, ingawa siku ya mvua ilipigwa tena, kwa hiyo sitajisifu mapema. Tunatafuta dereva wa gari la wagonjwa aje atuonyeshe tunapokosea. Nimemwambia profesa kwamba namjua mmoja, ila kwa sasa yuko getini. Akasema atasubiri. Sikusukumi, nakuarifu tu.

Nisalimie baba mdogo na yule paka mhamiaji. Msalimie muuguzi wako. Yule dereva wa mikate usimkwepe tena barabarani. Mwite mnywe chai, amebeba ukweli wake peke yake muda mrefu.

Mungu akupe usingizi mzuri na mkono usiotetemeka. Mama anasema watoto wa jirani wamekatazwa kukuita Mama King'ora, wasije wakakuumiza. Waache waite. Na wakiita, itika.

Ni mimi mwanao wa kulea, nikupendaye popote nilipo,

Mtoto wa dada yako