Dada, Usimmeze Yule Samaki

Laini ya Wafanyakazi,
Naivasha, 1956.

Kwa dada yangu mpendwa Nabalayo,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Mimi ni mzima, na leo neno hilo naliandika kwa furaha kubwa, utaona mbele kwa nini. Je, wewe? Pumu inakuachia usingizi? Na watoto, na yule ng'ombe mwekundu?

Kazi yangu ni ile ile ya kukata majani ya ng'ombe kwa mashine, na vumbi lake huingia kifuani. Barua yako ilinifika. Ulisema mvua ikianza, mzee wa dawa atakushikia samaki mdogo mtoni, ummeze akiwa hai, ateremke na pumu. Dada, huku mvua imeanza, ndiyo maana naandika mbio hivi.

Jumapili mtu mmoja wa laini yetu mwenye kikohozi alikwenda ziwani na rafiki yangu Owino kujaribu dawa hiyo hiyo. Owino alimcheka, akasema kwao samaki hukaangwa kwanza. Yule hakusikia. Akamtia mdomoni ngege mchanga, kichwa mbele. Kufika kooni samaki akajitupa, miiba ya mgongoni ikasimama. Hakushuka, hakurudi. Macho yakamtoka mtu. Owino alimpiga mgongoni mpaka hewa kidogo ikapita, kisha akambeba mbio hadi zahanati. Dresa, mhudumu wa dawa wa pale, alimtoa samaki kwa koleo refu, na damu ikafuata. Alikaripia sana. Alisema samaki anayemezwa huenda tumboni, hafiki kifuani kwenye pumu, na samaki mbichi huleta minyoo. Tena mwenye pumu hana pumzi ya akiba. Mwenye pumu angekufa njiani.

Dada, mtu huyo ni mimi. Nilitaka kumeza kabla yako. Nikipona, nikuandikie umeze, nikiumia, ujue.

Sauti ilipotea kabisa, imerudi leo asubuhi. Dresa aliniambia niseme neno lolote. Nikasema, "Nabalayo."

Owino akauliza, "Kumbe yule samaki alikuwa na jina?"

Tulicheka mpaka koo likauma.

Basi mwambie mzee wa dawa amwache samaki wake mtoni, nawe uende hospitali ya misheni kabla ya kazi nyingine yoyote. Nisalimie shemeji na majirani wote. Ukifika huko hospitalini, niandikie siku hiyo hiyo.

Ni mimi mdogo wako, bado nakunywa uji tu,
Wasike.