Mashine imesema wiki kumi, kaka alikuja wiki nane zilizopita

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu nimeshtuka na bado sijatulia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, naishi hapa Mitaboni na mama pamoja na mke wa kaka yangu, ambaye nitamwita Nzilani. Kaka anafanya kazi Mombasa, na tangu Krismasi amekuja nyumbani mara moja tu, Pasaka, siku tatu.

Mwezi uliopita Nzilani aliniomba nimsindikize Machakos kwenye kliniki moja ambapo madaktari wanapiga picha za mimba changa kwa mashine, wapate kujua mtoto mwenye afya hukua vipi wiki baada ya wiki, na akaniapisha nisiseme, maana kwetu mimba haitangazwi kabla haijaonekana. Daktari alipoanza kumuuliza mambo ya mwezi wake niliona haya nikatoka nje, nikarudi nilipoitwa. Mshauri, nilidhani nitaona kidoa tu, kumbe mle ndani kulikuwa na mtu, sentimita tatu, ana kichwa na mikono, moyo unakimbia kama cherehani, na ghafla akarusha miguu! Nzilani akacheka, "Daktari, mshike huyu shangazi, ataanguka!"

Kisha daktari akasema, "Wiki kumi. Anakua sawasawa."

Kutoka Pasaka hadi siku ile ni wiki nane. Nilihesabu mara tatu. Nikamwambia mama, naye hakupiga kelele, ila tangu hapo hali chakula alichopika Nzilani, na amesema, "Mwanangu akija Agosti nitamwambia mwenyewe, na huyu atarudi kwao." Nzilani ananiuliza, "Kwani mama nimemkosea nini?" nami naangalia chini. Nampenda, lakini kaka ni damu yangu. Nifanye nini?

Msichana mwenye wasiwasi, Mitaboni

Binti yangu, aliyekosea ni wewe, si Nzilani.

Madaktari hawahesabu mimba kuanzia siku mume alipokuja nyumbani. Huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba hushika kama wiki mbili baadaye. Toa mbili kwenye kumi. Umepata ngapi? Mtoto huyo ni wa Pasaka, na picha iliyokutisha ndiyo shahidi wa Nzilani. Ungevumilia haya yako ukabaki chumbani, ungesikia daktari akiuliza tarehe hiyo.

Kushtuka si kosa. Mimi nina watoto wanne, na siku nilipoona picha kama hiyo nilimwomba daktari anionyeshe tena. Lakini wewe uliaminiwa siri, ukaitoa, tena ukaiongezea uzinzi ambao haukuwepo. Miaka minne ya sekondari, na hukuweza kumuuliza daktari swali moja?

Usingoje Agosti. Leo hii mweleze mama hesabu hiyo. Akibisha, mpeleke kwa muuguzi wa zahanati yenu amuulize mwenyewe. Kisha mwendee Nzilani umwambie yote kwa mdomo wako: ulichofikiri, ulichosema, na kwa nini sufuria yake inarudi imejaa. Atalia. Pengine atakutukana. Nyamaza umsikilize.

Siku yake ya kurudi kliniki ikifika, omba kumsindikiza. Akisema ataenda peke yake, baki umpikie, na safari hii mtu asijue kutoka kwako alikokwenda.