Ng'ombe Wapite Kwanza

Jumapili, Kitengela. Upepo na vumbi tangu asubuhi.

Mluzi mmoja. Mfupi, unaopanda mwishoni, ule wa kuhimiza ng'ombe. Tangu jana haujanitoka masikioni.

Jana nilionyesha filamu bubu kwenye ukumbi wa kanisa huko Kajiado. Ni kichekesho cha zamani kinachowadhihaki makauboi wa filamu nzito, wale wasiotabasamu, wanaotembea kana kwamba nchi nzima ni shamba la baba yao. Kwa kuwa haina sauti, msimulizi ni mimi. Nilijiandaa wiki nzima. Nikawaeleza watu dhihaka ni nini, na kwa nini shujaa amevalishwa kofia kubwa hivyo. Walinisikiliza kwa adabu.

Adabu! Nani husimulia kichekesho ili asikilizwe kwa adabu?

Ikafika sehemu ya wanaume wawili kupigana kwa bastola. Wanakodoleana macho, vidole vinachezacheza kiunoni, mara kundi la ng'ombe linakatiza katikati yao. Nikafungua mdomo nieleze. Naserian, ninayeishi naye, aliyekuja tu kunibebea projekta, akapiga mluzi kutoka nyuma.

"Nyinyi wa kofia, ngojeni ng'ombe wapite! Mtauana baadaye!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mzee mmoja akadakia, "Na mtu asiguse ndama!"

Kila mtu pale amewahi kusimama barabara ya Namanga akingoja mifugo ivuke. Hata mimi, karibu kila wiki. Mbona sikuliona?

Nilicheka pia. Uso ndio uliocheka.

Nampenda Naserian, na jana nilitamani sauti imkauke. Mimi nimezisoma filamu hizi kwa miaka. Yeye hata jina la hiyo ya jana halijui. Tuliporudi aliosha vyombo akiimba, akaniuliza, "Mbona umenyamaza hivyo, dada?" Nikamwambia nimechoka.

Leo baada ya ibada mwenyeji wetu wa Kajiado amenipigia simu. Wanataka onyesho lingine Jumamosi, Kisaju. "Lakini usije bila yule wa mluzi," akasema, akicheka tena.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: Jumamosi Naserian yuko kazini. Nani angejua?

Nikasema nitamjibu. Nikakaa na simu mkononi, nikimsikia Naserian upande wa pili wa ukuta akimwigiza yule mzee wa ndama, akicheka peke yake.

Wivu bado niko nao. Lakini ujumbe nimeshautuma, pamoja na namba ya Naserian: "Msimulizi ni yeye. Mimi nitabeba projekta."