Okemwa na nyota yake

Gesare, uko? Keti kwanza. Okemwa amezima kaunta zote mchana peupe. ZOTE!

Unajua vile huyu fundi wetu huringa na kompyuta za maduka ya Ahmednur, Rongo hadi Rodi Kopany. Kila kaunta ya kulipia ina programu yake kwenye kompyuta kuu, na leo alitaka kuzima moja tu, ile ya majaribio. Kuandika jina lake lote kukamshinda bwana mkubwa! Akaandika amri ya kuzima, systemctl stop 'kaunta*', na hiyo alama ya nyota mwishoni, ati nyota ndiyo ya mafundi.

Gesare, hiyo nyota inashika kila kitu jina lake linaanza na kaunta. Kila kitu! Siku ya soko, laini imefika mlangoni.

"Relax," akasema. "Nyota imezima, nyota itawasha." Akaandika amri ya kuwasha, systemctl start 'kaunta*'. Kimya. Hata error hakuna. Akarudia. Kimya! Nyota huona tu zile ziko kwenye memori, na hizi zilitoka pale alipozizima.

Ahmednur mwenyewe akamuuliza polepole, "Asubuhi huwa unaziwasha aje?"

"Naandika jina la kila moja."

"Basi andika."

Mtu alishindwa na jina moja, Gesare, sasa anaandika yote kwa kidole kimoja, na mdosi amesimama nyuma yake akimsomea herufi kama mtoto wa nasari.