Kiapo cha Aliyeandikwa Marehemu

La Rochelle,
Johannesburg.
14 Desemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Marcellin,

Pokea salamu zetu kutoka huku kusini. Natumaini baridi ya Ohio haijakuzidi, na kwamba mkeo Violeth anabeba mimba yake salama, miguu haivimbi. Sisi tu wazima. Mume wangu Octave bado analinda geti la ofisi Braamfontein, mimi bado nashona, na Exaucé anakimbia nyumba nzima akinijibu kwa Kizulu kila nikimsemesha Kiswahili.

Barua hii anakuletea mama mchungaji Paskalia, anayekuja huko kumtembelea binti yake. Sikutaka kuandika kwenye simu. Ya simu unayafuta.

Jumapili ile uliponipigia, ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kuniita yaya, kama dada yako mkubwa. Nilikaa kitandani nikakusikiliza mpaka mwisho: kwamba mafaili ya wakimbizi yanafunguliwa upya, kwamba ombi lako la karatasi ya kudumu limesimamishwa, kwamba wakili anataka ushahidi wa kifo. Kifo changu. Ukaniomba niende polisi niape kwa jina la binamu yetu Murielle kwamba dada yako Jocelyne alifia Kigoma. Ulisema karani wa kambi ya wakimbizi ndiye aliyekosea zamani kuniandika marehemu, na kwamba afadhali kosa libaki palepale kuliko kulichokonoa.

Karani hakukosea, Marcellin. Nimelijua hilo tangu siku niliyotoka hospitali, nilikokuwa namwuguza Mama, nikarudi kambini kuchukua shuka zake. Kwenye dirisha la karani nilionyeshwa jina langu na la Mama, yote mawili yamepigwa mstari, na sahihi yako chini. Familia yetu ilikuwa imeitwa kwenye usaili, nawe hukutaka safari ya Amerika isubiri mgonjwa na mwuguzaji wake. Mama uliyemwandikisha marehemu siku hiyo alikuwa anakunywa uji kwa kijiko nilichokishika mimi. Aliishi siku kumi na tisa zaidi. Kila asubuhi aliuliza kama umepata usafiri wa kuja kumwona, nami nikimdanganya kwamba mvua imekata barabara.

Nilinyamaza. Ningeendelea kunyamaza, kama si yale uliyoandika Januari kwenye kundi la familia, serikali ya huko ilipotangaza kwamba watoto wa wenye karatasi za muda wasipewe uraia. Ulishangilia. Uliandika kwamba watu wanazaa kwenye nchi za wenyewe kama kuku anayetaga kwa jirani, kisha wanalidai yai. Ukamtaja Exaucé wangu, aliyezaliwa hapa na asiye na karatasi ya nchi yoyote. Ndugu wakacheka. Nami nilicheka nao, nisionekane nimeumia.

Sasa Violeth atajifungua Machi, na karatasi yako wewe ni ya muda. Nilimwuliza Ahmad, Mtanzania anayefundisha sheria chuoni, ambaye huniletea suruali zake nizipunguze. Alinieleza kwamba katiba ya huko, tangu utumwa ulipokwisha, inasema aliyezaliwa pale na kuwa chini ya mamlaka ya nchi ile ni raia. Ugomvi wote mahakamani ni juu ya neno hilo la mamlaka: nani yumo, nani hayumo. Namwombea mtoto wako neno hilo lisimame. Yeye hana kosa. Lakini sikufichi: nilipoelewa kwamba sheria uliyoishangilia inabisha mlangoni kwako, nilirudi kwenye cherehani nikashona mpaka jioni bila kuusikia mgongo.

Jumatatu nilikwenda polisi. Askari wa kike alisoma karatasi yangu, kisha akanitazama.

"Mama, unaapa kwamba uko hai? Si nakuona?"

"Wewe unaniona," nikamwambia. "Kuna nchi ambako nimeshazikwa."

Akagonga muhuri. Nimeapa kwa jina langu, na nimetaja tarehe ya kweli aliyokufa Mama. Ahmad alinisaidia kuituma karatasi hiyo kwa wakili wako, maana anwani yake ulinipa mwenyewe. Nilitaka kujua kama huyo wakili atakufichua kwa serikali. Ahmad akasema hapana, siri ya mteja ataitunza, ila uongo ambao ameshaujua hawezi kuupeleka mbele ya hakimu. Basi hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Njia ya uongo nimeifunga. Iliyobaki ni wewe kusimama mbele ya anayekuhoji, useme kwa kinywa chako kwamba mama yako alikuwa hai ulipomwua kwa kalamu. Kama watakufukuza, sijui. Nimejaribu kusikitika, sijaweza.

Wakili amejibu kwa mstari mmoja: amepokea. Tangu jana umenipigia mara kumi na moja. Piga tu. Simu iko mezani, naitazama inavyolia.

Wakikurudisha, usije La Rochelle. Pita Kigoma kwanza. Juu ya kaburi la Mama kuna tarehe. Piga magoti, uisome kwa sauti.

Octave anakusalimu, ingawa hajui ninachokiandika. Nisalimie sana Violeth, na umwambie asiache uji wa ulezi. Mungu amfungulie salama, na mtoto apate nchi. Nawe akupe ulimi wa kusema kweli.

Akupendaye, na ambaye hajakusamehe,
Yaya Jocelyne