Kaka, Ulikuja Nyumbani Tukakurudisha

Mpendwa kaka,

Simu yako imezimwa tangu Pasaka, kwa hivyo nakuandikia hadharani, huenda ukaisoma huko uliko.

Nakumbuka siku mume wangu aliponing'oa jino kwa ngumi. Nilimbeba mtoto nikaja nyumbani kwetu Ndabibi, na wewe ndiye uliyenipokea begi. Mama alinipikia uji, akanitandikia kitanda changu cha usichana, nikakaa wiki tatu mpaka wazee wa upande wake walipokuja kuomba msamaha. Wewe ulishinda nje na panga, ukijifanya unapunguza ua. "Akikuja peke yake ataniona," ulisema. Nilicheka na pengo langu.

Halafu ikawa zamu yako. Ulifika Jumapili mchana kutoka kwako mtaani Section 58, shati limekugandia mgongoni. Mkeo alikuwa amekumwagia maji moto ya ugali. Tulikuwa tumetoka kanisani, chapati ziko mezani. Mjomba alikutazama, akauliza, "Sasa mwanaume mzima unachapwa na bibi?" Watu wakaangua kicheko. Kaka, hata mimi niliyepoteza jino nilicheka.

Mama hakucheka. Alikupaka dawa huku analia, lakini hakujua akuweke wapi. Mwanamume aliyetahiriwa, tena ana mke, halali nyumbani kwa mamake, na kibanda chako cha ujana tulishakigeuza cha kuku. Ni mimi niliyekwambia, "Rudi tu, mambo ya nyumba huisha." Ukanijibu kwa upole, "Sawa, nimeskia." Nikakufungia chapati mbili, ukaenda.

Wiki mbili baadaye ulitoka kwako bila kuaga. Dereva mmoja wa lori alisema alikuona Salgaa, pale malori yanapolala, sasa mkono nao umefungwa bandeji. Nilienda, nikauliza hoteli moja baada ya nyingine. "Pole mathe, huyo hatumjui," waliniambia. Mkeo hunipigia akilia, anataka urudi.

Najuta, kaka, na majuto yenyewe hayanisaidii kitu. Kila asubuhi naomba urudi. Lakini wacha nikwambie ukweli. Mama bado anashika mila zake. Mimi nilirudi kwa mume wangu, na mkono wake haujapoa. Ukitokea leo, sijui nitakupeleka wapi.

Popote ulipo, uwe hai tu.

Ni mimi, dada yako mdogo